Karakana ya Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Useremala na Vifaa vya Kujitengenezea

Vipimo vyote hapa ni vya milimita, isipokuwa pale tulipotaja vingine. Vifaa vingi vinavyoelezwa hutoka kwenye masalio ya mbao, na vingi kati yake unaweza kuvikagua mwenyewe bila kumiliki kifaa kingine kilicho sahihi zaidi. Ndiyo maana tumeanza na ukaguzi.

Nafasi ni ndogo na fedha si nyingi. Vifaa gani ni vya lazima?

Msumeno mmoja wa mkono wenye meno madogo, randa moja, patasi mbili (ya 12 na ya 25), nyundo, guniya (kipimo cha kona mraba), futi, keekee yenye biti chache, na kitu cha kunolea. Hicho cha mwisho ndicho watu husahau. Mtu hununua seti ya patasi kumi, zikishakuwa butu baada ya wiki mbili anaamini mbao ni ngumu.

Nitajuaje kama guniya yangu ni sahihi?

Chukua ubao wenye ukingo ulionyooka. Egemeza mpini wa guniya kwenye ukingo huo, uchore mstari kwa ncha ya kisu (penseli ni nene mno kwa kazi hii). Geuza guniya itazame upande wa pili, uchore mstari mwingine kuanzia alama ileile. Mistari ikilaliana, guniya ni nzima. Ikiachana, pengo unaloliona ni maradufu ya kosa lenyewe: pengo la 1 kwenye urefu wa 200 maana yake guniya imekosea kwa 0.5.

Guniya ya bati moja bapa inaweza kurekebishwa. Ilaze juu ya chuma kizito. Ukigonga kwa ncha ya tindo ya kutobolea karibu na kona ya ndani, pembe inapanuka. Ukigonga karibu na kona ya nje, inafumba. Gonga mara moja, pima, ndipo ugonge tena.

Kwa fremu kubwa, tumia pembetatu ya 3, 4 na 5. Pima 600 upande mmoja wa kona na 800 upande wa pili. Mshazari ukiwa 1000 kamili, kona iko sawa.

Je, rula ndefu iliyonyooka inaweza kutengenezwa nyumbani?

Inaweza, na njia ya kuikagua ni ileile ya kugeuza. Randa ukingo wa ubao mkavu, uulaze juu ya plaiwudi na uchore mstari kuufuata. Kisha upindue ubao, ukingo uleule urudi kwenye mstari kutokea upande wa pili, uchore tena. Mistari miwili ikitengeneza umbo la samaki, yaani imeachana katikati na kukutana ncha zote mbili, ukingo una tumbo au una bonde. Randa palipozidi, rudia.

Ukishaweza hilo, tengeneza fito mbili pacha za 450 × 45 × 18 kwa kuzirandia pamoja. Paka ukingo wa juu wa mmoja rangi nyeusi. Weka ufito mmoja kila mwisho wa ubao unaoukagua, uchutame, utazame kwa jicho moja juu ya ule wa mbele hadi ule wa nyuma. Ubao uliopinda kama parafujo utaonyesha ufito wa nyuma umeinuka upande mmoja. Mpindo huo ni vigumu kuuona kwa macho matupu, nao ndio unaofanya mlango ukatae kukaa kwenye fremu.

Mikato yangu hutoka mshazari hata nikifuata mstari. Kwa nini?

Mara nyingi si mkono wako. Ni ubao unaosogea wakati msumeno unavuta. Tengeneza kibao cha kuzuilia: plaiwudi ya 18, ukubwa wa 300 × 200, na vipande viwili vya mbao ngumu vya 40 × 25. Kimoja unakigandisha juu, mwisho wa mbali. Cha pili chini, mwisho wa karibu nawe. Kile cha chini kinakamata ukingo wa meza, cha juu kinazuia ubao unaoukata. Anayetumia mkono wa kulia akate kile cha juu kiwe kifupi kwa 40 upande wa kulia, ili msumeno ukimaliza kazi uingie kwenye plaiwudi na si kwenye meza. Wa mkono wa kushoto ageuze. Tumia gundi na vijiti vya mbao kuunganisha. Ukiweka skrubu, siku moja msumeno utaikuta.

Ikiwa kibao kipo na mkato bado unakwenda upande mmoja kila mara, tatizo ni msumeno. Meno yake yamepanuliwa zaidi upande ule unaokwendea. Laza msumeno juu ya meza na upitishe kinoo laini mara moja, kwa wepesi, kwenye ubavu wa meno ya upande huo. Jaribu kwanza kabla ya kurudia.

Angalia pia kama unatumia meno yanayofaa. Meno ya kupasulia kwa kufuata nyuzi yana ncha kama patasi ndogo. Ya kukatia kwa kuvuka nyuzi yana ncha kama visu. Ukivusha meno ya kupasulia, vichwa vya ubao (miisho iliyokatwa kwa kuvuka nyuzi) hutoka na manyoya.

Nifanyeje vichwa vya ubao viwe mraba kamili?

Hapa ndipo panapofaa kutumia muda, kwa sababu boksi, droo na fremu zote hutegemea vichwa vya ubao.

Tengeneza kibao cha kurandia vichwa. Msingi ni plaiwudi ya 18, urefu 600, upana 300. Juu yake gandisha plaiwudi ya 12 yenye urefu uleule lakini upana wa 220. Ngazi ya 80 inayobaki ni barabara ya randa, inayolala ubavu na kuteleza humo. Kabla ya kugandisha, chonga kona ya chini ya plaiwudi ya juu kidogo tu, upatikane mfereji wa kuingilia vumbi. Bila mfereji huo, vumbi hujibana mbele ya randa na kuisukuma nje kidogo kidogo bila wewe kujua.

Kizuizi ni mbao ngumu ya 40 × 25, kinalala kwa kuvuka plaiwudi ya juu, na kichwa chake kifike sawasawa na ukingo wa barabara. Funga skrubu ya kwanza karibu na barabara, hiyo ndiyo egemeo. Skrubu ya pili ipite kwenye tundu lililo pana kuliko shina lake, upate nafasi ya kusogeza kizuizi hadi guniya ikubali. Paka barabara nta ya mshumaa.

Randa itachonga ukingo wa plaiwudi ya juu mara chache za kwanza. Usishtuke. Kisu cha randa hakifiki hadi pembeni mwa uso wa randa, kwa hiyo inabaki ngazi nyembamba inayoizuia isile zaidi. Baada ya hapo randa inakula ubao tu.

Ukaguzi: randa vichwa vya vipande viwili, pindua kimoja, vikutanishe vichwa kwa vichwa ukiviegemeza kwenye rula. Mwanga ukipita kati yao, kosa la kizuizi ni nusu ya pengo hilo. Legeza skrubu ya pili, sogeza kwa unene wa karatasi, kaza.

Kosa la kawaida: kichwa cha kizuizi kikishaliwa na kubaki nyuma ya ukingo, nyuzi za mwisho za ubao hukosa wa kuzishikilia na hubanduka. Sogeza kizuizi mbele ukirande upya.

Kifaa cha kuchorea mstari sambamba na ukingo ni ghali. Kuna mbadala?

Kipande cha mbao ngumu cha 60 × 50 × 25 na skrubu moja yenye kichwa bapa. Zungusha skrubu hiyo kwenye drili ukiigusisha tupa, hadi mzingo wa kichwa uwe na makali. Toboa tundu dogo kwenye uso wa kipande, uingize skrubu na uache kichwa kimechomoza. Umbali kati ya uso wa mbao na makali ya kichwa ndio umbali wa mstari wako. Uso wa mbao unasugua ukingo wa ubao, kichwa kinakwaruza mstari safi.

Kurekebisha ni kwa bisibisi: kila mzunguko mmoja unasogeza makali kwa umbali ulio kati ya uzi mmoja wa skrubu na mwingine. Skrubu nne kwenye nyuso nne zinakupa vipimo vinne usivyohitaji kuvipanga tena. Kwa umbali unaozidi 30 hivi skrubu huanza kuyumba. Hapo tumia kifaa chenye ufito unaoteleza.

Sina jiriwa za kutosha. Nitabanaje wakati wa kugandisha?

Njia imara kuliko zote za nyumbani ni kabari. Chukua ubao mnene ulio mrefu kuliko kazi yako, funga kizuizi kila mwisho, weka kazi kati yake na ujaze nafasi iliyobaki kwa kabari mbili zinazopishana. Mteremko wa 1 kwa 8 unafaa (urefu 200, unene ukipanda kwa 25). Mteremko mkali zaidi hufyatuka, mlegevu zaidi humaliza safari kabla haujabana. Gonga kabari zote mbili kwa zamu, na utandike nailoni chini ili kazi isigande kwenye kibano.

Kwa miguu ya viti na maumbo ya duara, kata tyubu ya baiskeli mikanda ya 25, uivute na kuizungusha mara kadhaa. Kwa fremu, kamba iliyozungushwa mara mbili na kijiti cha kuinyongea inatosha; weka vipande vya kadibodi kwenye kona.

Ubane kiasi gani? Mpaka gundi itoke kama shanga ndogo mfululizo kwenye mstari wote. Ikikauka sehemu fulani bila kutoa shanga, pale hapajakutana.

Ninoeje patasi bila kuwa na mawe ya kunolea?

Kioo kinene na msasa wa maji vinafanya kazi nzuri sana. Anza na msasa namba 220 kwa makali yaliyoharibika, kisha 400, 800, na umalizie 1500 au 2000 (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi). Lowesha kioo, bandika msasa, lowesha tena juu.

Mgongo kwanza. Laza mgongo wa patasi (uso usio na mteremko) bapa kabisa na usugue milimita 30 za mwisho hadi zing'ae zote. Kazi hii hufanyika mara moja tu katika maisha ya patasi, na wanaoiruka hawapati makali hata wakinoa mwaka mzima, kwa kuwa makali ni mahali nyuso mbili zinapokutana.

Pembe ya kuchongea ni nyuzi 25, na ncha yenyewe nyuzi 30. Huna kipimo cha pembe? Kata kabari yenye msingi wa 100 na kimo cha 58, hiyo ni nyuzi 30. Msingi wa 100 kwa kimo cha 47 ni nyuzi 25. Isimamishe kando ya msasa na ulinganishe kwa jicho.

Vuta patasi kuja kwako tu. Ukisukuma, itakata karatasi. Endelea hadi kidole kihisi ukwaru mwembamba upande wa mgongo, kwenye upana wote wa makali. Ukwaru ukikosekana pembeni, hujafika ncha pale. Hamia msasa laini zaidi, na mwishoni laza mgongo bapa juu ya msasa wa mwisho, vuta mara mbili tatu uondoe ukwaru.

Jaribu kwenye kichwa cha ubao laini. Makali mazuri huacha uso unaong'aa kama umepakwa nta. Makali mabaya huacha unga na vishimo vyeupe.

Ukitumia mashine ya kusagia, chovya kwenye maji kila baada ya sekunde chache. Chuma kikigeuka buluu kimepoteza ugumu wake pale, na dawa ni kusaga hadi sehemu hiyo iishe.

Randa yangu inang'oa vipande badala ya kulainisha.

Tazama ubavu wa ubao: nyuzi zikipanda kuelekea unakokwenda, uko sawa, zikishuka, geuza ubao. Kisha noa. Kisha punguza kina, maranda yatoke mepesi kiasi cha kuona mwanga kupitia. Mwisho, sogeza chuma cha juu cha kukunjia maranda hadi kiwe 0.5 kutoka kwenye makali. Maranda yakiingia kati ya vyuma hivyo viwili na kukwama, chuma cha juu hakijakaa bapa. Kisugue kwenye msasa ulio juu ya kioo.

Karibu na vifundo nyuzi hubadili mwelekeo kila upande, na hapo randa hushindwa hata mikononi mwa fundi mzuri. Tumia kikwaruzo.

Kikwaruzo ni nini, na kinatengenezwaje?

Ni bati la chuma kigumu lisilo na mpini. Msumeno wa mkono wa zamani unatoa vinne au vitano: kata mstatili wa 125 × 60. Piga tupa ukingo mrefu hadi uwe bapa na wenye kona ya mraba, sugua ukingo na nyuso zake kwenye msasa namba 800, kisha kandamiza ukingo kwa chuma kigumu zaidi, kwa mfano mgongo wa patasi, ukikiinamisha nyuzi 5 hadi 10. Ukingo unajikunja na kutengeneza ndoano usiyoiona lakini unayoihisi kwa ukucha.

Kishike kwa mikono miwili, vidole gumba vikisukuma katikati kikunje kidogo, ukiinamishe mbele na kusukuma. Kikitoa maranda, ndoano ipo. Kikitoa unga, imekufa. Kitapata moto, hiyo ni kawaida.

Nitajuaje kama mbao imekauka?

Kugonga na kusikiliza mlio ni kubahatisha. Kata kipande kidogo kutoka ndani ya ubao, angalau 300 kutoka kwenye kichwa maana vichwa hukauka mapema. Kipime uzito. Kiweke kwenye oveni ya nyuzi joto 103, ukipime kila baada ya saa chache hadi uzito usipungue tena. Toa uzito mkavu kutoka uzito wa mwanzo, gawa kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Gramu 56 zikibaki 50, unyevu ni asilimia 12. Fanicha ya ndani inataka 8 hadi 12, kutegemea ukavu wa hewa ya nyumba.

Bila oveni: pima uzito wa ubao mzima mara moja kwa wiki. Uzito ukitulia kwa wiki kadhaa, ubao umelingana na hewa ya mahali ulipo.

Ukikausha mwenyewe, panga mbao zikitenganishwa kwa vijiti vya 20 vilivyolazwa kwenye mstari wima mmoja, kimoja juu ya kingine, na upake vichwa rangi ya mafuta au nta. Kichwa kisichopakwa hukauka haraka na kupasuka.

Uso wa meza niliotengeneza umepasuka. Nilikosea wapi?

Yumkini uliufunga usicheze. Ubao hunywea na kuvimba kwa upana, karibu kamwe kwa urefu. Kwa ubao wa kawaida, chukua kadirio la 1 kwa 400 ya upana kwa kila asilimia moja ya unyevu. Meza ya upana wa 900 ikipoteza asilimia 4 inanywea takriban 9. Ukiwa umeigandisha kwa gundi kwenye fremu, kitu lazima kiachie.

Dawa ni vishikizo vya mbao. Chimba mfereji upande wa ndani wa fremu, 12 chini ya uso, na uchonge vipande vyenye ulimi unaoingia humo. Kipande kinafungwa kwa skrubu kwenye meza, ulimi unateleza mferejini. Acha nafasi ya 5 kati ya kipande na fremu.

Skrubu zinapasua ubao au zinakatika shingo.

Toboa tundu la kutangulia. Shika biti mbele ya skrubu: ukiona nyuzi pande zote mbili lakini shina limefichika, hiyo ndiyo saizi ya mbao ngumu. Kwa mbao laini shuka hatua moja. Ubao wa juu utobolewe tundu linalopitisha skrubu bila kung'ata, la sivyo mbao mbili hazitavutwa pamoja hata ukaze vipi. Paka nta. Skrubu za shaba nyeupe au njano hukatika kirahisi. Tangulia na ya chuma ya saizi ileile, uitoe, ndipo uweke ya shaba.

Kuzuia kina, toboa kipande cha mbao katikati na ukiache kwenye biti kama kola. Utepe wa karatasi husogea.

Gundi nyeupe ya mbao haishiki.

Sababu ni chache: nyuso hazikukutana, gundi ilipakwa kwenye kichwa cha ubao (kichwa huinyonya yote), baridi chini ya nyuzi joto 10 hivi, au kibano kilitolewa mapema. Bana saa moja angalau, usiipe mzigo kabla ya saa 24. Mtiki una mafuta; ufute kwa spiriti muda mfupi kabla ya kupaka.

Gundi iliyotoka usiifute kwa kitambaa kibichi, unaisukuma kwenye vinyweleo na vanishi itaonyesha madoa mepesi. Subiri iwe kama mpira, uikwangue kwa patasi.

Naweza kupata mkato ulionyooka kwa msumeno wa duara wa umeme?

Ndiyo, kwa reli ya plaiwudi. Gandisha ufito ulionyooka wa 12 juu ya plaiwudi ya 6 iliyo pana kuliko inavyohitajika, kisha pitisha msumeno ukiuegemeza kwenye ufito. Msumeno unakata ziada, na ukingo unaobaki ndio mstari halisi wa mkato. Unaulaza kwenye alama na kubana. Ukibadilisha diski yenye unene tofauti, tengeneza reli nyingine.

Kuugeuza msumeno huo juu chini na kuufunga chini ya meza ni jambo ambalo hatulipendekezi kabisa. Kinga yake haifanyi kazi hivyo, na mara nyingi swichi inafungwa ibaki imewaka.

Meza ya kazi iwe na kimo gani?

Simama wima mikono ikining'inia. Kwa kazi ya randa, uso wa meza ufike kati ya kifundo cha mkono na vifundo vya vidole. Kwa kuchonga kwa patasi, pandisha kazi kwa kuiweka juu ya boksi.

Kuna hatari gani kwenye vitambaa vya mafuta na vumbi?

Vitambaa vyenye mafuta ya kitani vilivyokunjwa pamoja hujipasha moto vikikauka, na vinaweza kuwaka bila kiberiti. Vitandaze kimoja kimoja nje hadi viwe vikavu na vigumu, au uvitumbukize kwenye kopo la maji lenye kifuniko.

Vumbi la mbao limeorodheshwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani miongoni mwa visababishi vya saratani. Vaa barakoa inayobana usoni unapopiga msasa, na usipulize vumbi kwa hewa ya kompresa ndani ya chumba. Linalokuumiza zaidi ni lile jembamba usiloliona, linalobaki hewani muda mrefu baada ya mashine kuzimwa, kwa hiyo usivue barakoa mara tu mlio ukiisha.